Bustani za makazi mapya Moshi: dalili unazoziona na chanzo kilichojificha chini

Kuna simu mbili ninazopigiwa kila mwaka. Ya kwanza huja Februari, jua la Moshi likiwa limekaza: "Fundi, nyasi zimekufa zote, tuletee aina nyingine." Ya pili huja Aprili, masika yamepamba moto, na mara nyingi inatoka mtaa uleule: "Fundi, maji yameingia mpaka barazani." Wenye nyumba hudhani hayo ni matatizo mawili. Nikifika na sululu na ndoo ya maji, karibu kila mara nakuta ni tatizo moja. Malori ya ujenzi yaliishindilia ardhi mpaka ikawa kama sakafu, kisha ikatandazwa udongo mzuri wa sentimita kumi, na nyasi zikapandwa juu yake. Kiangazi mizizi haina pa kushuka. Masika maji nayo hayana pa kushuka.

Ninaandika kwa ajili ya wanaojenga au kusimamia makazi mapya hapa mjini na pembezoni: nyumba kumi au ishirini ndani ya uzio mmoja, vyumba vya kupanga, zahanati, shule. Nimepanga kwa dalili kwa kuwa dalili ndiyo inayoonekana. Ila ninaomba usiende kitaluni kununua mche hata mmoja kabla hujafanya vipimo viwili.

Vipimo viwili vya kuanzia

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, upana uwe huohuo. Lijaze maji, yaache yaishe. Lijaze tena, simamisha kijiti chenye alama, kisha subiri saa moja. Maji yakiwa yameshuka chini ya sentimita mbili na nusu, udongo wako haupitishi maji vya kutosha, na mmea wowote utakaoweka hapo utateseka. Fanya hivyo sehemu tatu tofauti, moja iwe pale malori yalipokuwa yakigeuzia. Wakati unachimba, angalia kinachotoka. Vipande vya tofali, mabaki ya zege na unga mweupe mahali mafundi walipokuwa wakichanganyia saruji ni ushahidi. Saruji huubadilisha udongo hadi mmea ushindwe kuchukua madini ya chuma, na matokeo yake ni majani ya njano yenye mishipa iliyobaki kijani. Watu huyamwagia mbolea miaka miwili, wakati dawa yake ni kukitoa kile kifusi.

Kipimo cha pili ni cha mteremko. Chukua mpira wa levo, ule wa plastiki unaoonyesha maji, na uzunguke nyumba nzima. Ardhi inatakiwa iukimbie ukuta: katika mita tatu za kwanza ishuke sentimita 15. Sehemu iliyowekwa pevingi inatosha sentimita 2 kwa kila mita. Nimeona nyumba za gharama kubwa ambazo bustani imejazwa udongo mpaka ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Hapo hakuna ua litakalokusaidia.

Maji yanasimama, au yanapita mahali yasipotakiwa

Mji wetu umelala miguuni mwa Kilimanjaro, unashuka kutoka Shanty Town na Rau kuelekea Pasua na Mabogini. Kinachonyesha juu kinapita kwako, unataka hutaki. Kwa hiyo jiulize maji hayo ni ya nani. Ni ya mapaa yako, au ni ya mlimani?

Ya mapaa ni rahisi kuyahesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 50 kwa mchana mmoja linamwaga lita 7,500. Nyumba ishirini za namna hiyo ni lita 150,000, na kwenye michoro mingi ninayoletewa gata zote zinaishia kwenye kona ya ukuta, hazina mahali pa kupeleka maji. Weka matanki kwanza, kisha maji yanayozidi yaelekee kwenye mtaro wa nyasi: mpana, usio na kina kirefu, kingo zake zikiwa na mlalo wa moja kwa tatu (mita moja ya kimo kwa kila mita tatu za upana) au wa taratibu zaidi ili mtu aweze kufyeka bila kuanguka na mtoto aweze kupanda akitumbukia. Mtaro wa zege wenye kuta wima ni wa mwisho kuufikiria, na ukilazimika kuujenga, ufunike.

Ya mlimani ndiyo yanayowashinda wengi. Nilipelekwa kwenye eneo moja upande wa juu wa mji ambako nyumba mbili za katikati zilikuwa zinaingiliwa na maji kila Aprili. Mkandarasi alishaongeza udongo mara mbili. Tulikuwa tunachimba kona ya juu ndipo bibi mmoja jirani akasogea kwenye uzio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mnatafuta nini humo?"

"Tunatafuta maji yanakotokea."

"Si mngeniuliza. Hapo pana mfongo. Walioufukia hawakutuuliza sisi."

Tulichimba pale alipotuonyesha kwa fimbo. Sentimita sitini chini tukakuta mawe yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, na mchanga mweusi mlaini katikati yake, bado una unyevu ingawa ilikuwa Septemba. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, ulikuwa umeyaleta maji kwenye vihamba, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, kwa vizazi na vizazi, halafu ukajazwa kifusi kwa siku moja ili viwanja vipimike vizuri. Maji hufuata mkondo. Tuliufungua upya kama mtaro wa mawe na nyasi, tukauzungusha nje ya misingi ya zile nyumba mbili, tukaweka kalavati pale njia ya magari inapokatiza. Kilichobaki kilikuwa kupanda, na hiyo ilikuwa kazi ya wiki moja.

Kwa hiyo kabla ya mchoro, tafuta wazee wanaopakana na kiwanja. Uliza mfongo ulipita wapi, maji ya masika hupita wapi, kisima kilikuwa wapi. Ninaichukulia kuwa kazi ya lazima sawa na kupima mipaka. Na kama kiwanja kinagusa mto, iwe Rau, Njoro au Karanga, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Ukanda huo uache na miti yake. Msesewe unaupenda unyevu na unashika kingo vizuri kuliko ukuta wowote utakaojenga pale.

Shimo la kunyonyea maji ya mvua linafaa pale ambapo kipimo cha kwanza kilikwenda vizuri, na likae mbali na msingi, mita tatu au zaidi. Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, ambao utakutana nao ukishuka bondeni, usipoteze hela: litajaa na kubaki limejaa. Chochote kinachotuama kikauke ndani ya siku tatu. Yai la mbu huhitaji wiki moja hivi kuwa mbu kamili, na siku tatu zinakupa nafasi hata mvua ikirudi.

Mti unamwagiliwa lakini unanyauka

Chunguza shina linapokutana na ardhi. Mti mzima hupanuka kidogo pale chini kabla ya mizizi kuanza. Kama shina linaingia ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme, umepandwa chini mno, na gome lililofukiwa linaoza taratibu.

Kisha ushike na uutikise. Mwaka juzi niliitwa kuangalia safu ya miashoki kumi na minne kando ya lango, yenye miaka miwili tangu kupandwa. Mitano ilikuwa imekauka, mingine imedumaa. Nilishika mmoja kwa mkono wa kulia na kuuvuta, ukatoka wote, na chini yake nikaona kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, cheusi, kizima, kikiwa bado na zile tundu ndogo za pembeni. Ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha kama uzi kwenye kibonge. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umetoka nje. Maji ya miaka miwili yalikuwa yanapita pembeni ya kile kiriba. Vijana waliopanda walilipwa kwa idadi ya miche, na kuchana kiriba kunachelewesha. Yote kumi na minne ilikuwa hivyohivyo.

Tangu hapo nasimama mwenyewe siku ya kupanda na tunavikusanya viriba kwenye rundo moja. Jioni tunavihesabu: miche 60, viriba 60. Idadi isipofanana tunarudi kufukua.

Shimo liwe na kina kilekile cha bonge la udongo wa mche, si zaidi, lakini upana wake uwe mara mbili au tatu ya bonge hilo. Mizizi iliyojizungusha ipasue kwa kisu, mipasuo mitatu minne kutoka juu hadi chini; itatoa mipya. Weka matandazo ya sentimita saba hivi, ukiacha nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina. Hapa Moshi tumebarikiwa maganda ya kahawa na pumba za mpunga. Pumba peke yake hupeperushwa na upepo, kwa hiyo changanya. Kumwagilia, afadhali lita 20 mara mbili kwa wiki kuliko kikombe kila siku, maana maji ya kikombe yanaizoesha mizizi kukaa juu. Kigingi kinachoshikilia mche kiondolewe ndani ya mwaka, la sivyo kamba itaukaba.

Kuhusu aina, nitasema ninachoamini. Mringaringa ni mti wa kwetu, una kivuli kizuri, hauhitaji kubembelezwa na wazee wameupanda juu ya kahawa kwa muda mrefu. Ukishuka kwenye joto, mwarobaini. Mgrivelia siuweki juu ya maegesho wala mahali pa kukaa, kwa sababu matawi yake ni mepesi kukatika upepo ukivuma. Mkaratusi na jamii ya mikuyu siiweki karibu na nyumba, bomba au shimo la majitaka. Mti mkubwa huupa mita saba au nane kutoka ukuta wa nyumba, mdogo mbili au tatu. Chini ya nyaya za umeme panda kile kitakachobaki kifupi maisha yake yote. Na mparachichi, tunaupenda sote, lakini uwe nyuma ya nyumba, usiwe juu ya njia ya miguu.

Nyasi zina mabaka

Kama baka liko chini ya mti, ni kivuli. Ukoka unataka jua, na utabadilisha aina mpaka uchoke. Ng'oa nyasi, weka matandazo au panda masale.

Niseme neno juu ya masale. Mmea huu tunaoutumia kuweka mipaka ya kihamba na kuombea msamaha unakubali kivuli, unaota kwa kukata kijiti na kukichomeka, hauna miiba, na ukishashika haudai maji kila siku. Kwenye jua kali la upande wa chini majani huungua ncha, huko usiulazimishe. Ila kwenye ubavu wa nyumba wenye kivuli, hakuna ua wa kununua unaoushinda. Na nimeona jambo jingine: watu wa hapa huliheshimu isale. Mahali palipowekwa kamba na kibao cha "usikanyage" wanaruka. Palipopandwa safu ya masale wanazunguka.

Kama baka limenyooka kama mstari, hiyo ni njia ya watu. Kutoka lango hadi duka la mangi watu watapita mkato, na wana haki. Usiweke uzio. Subiri miezi mitatu baada ya wapangaji kuingia, tazama walipokanyaga, kisha weka pevingi hapohapo.

Na kama nyasi ni mbovu kote, fikiria kama unazihitaji. Kiangazi nyasi zinaweza kutaka milimita 5 za maji kwa siku. Kwa mita za mraba 400 ni lita 2,000 kila siku, Januari na Februari, wakati bomba lenyewe linakuja kwa zamu. Mimi huacha nyasi mahali watoto wanapocheza na watu wazima wanapokaa, basi. Kwingine kote ni vichaka, matandazo na kokoto.

Pevingi imetitia, ukuta umeinama

Vitofali vikitengeneza mifereji miwili sambamba, gari limezidi uwezo. Vya sentimita 6 vinatosha miguu na gari dogo; pale linapopita gari la taka, boza la maji au gari la majitaka, weka vya sentimita 8, na moramu ishindiliwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 15 kila moja. Mchanga wa juu uwe sentimita 3 hivi. Mafundi wengine huficha mabonde kwa kuongeza mchanga, na hapo ndipo panapotitia kwanza. Vikisambaa kwa pembeni, kingo hazikufungwa kwa zege. Vikiinuka mviringo, fuata mzizi.

Ukuta wa kuzuia udongo unaoinama baada ya masika karibu kila mara hauna matundu ya kutolea maji. Bomba la inchi mbili kila mita moja na nusu, na kokoto nyuma yake, lingeuokoa. Ukishaanza kuinama, usiuegemeze nguzo na kuendelea kuishi chini yake. Punguza udongo nyuma yake na mwite mhandisi. Wa zaidi ya mita moja usijengwe kwa makadirio ya fundi peke yake.

Ngazi na njia za kupandia ziangaliwe kwa jicho la mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mgongoni: kwenye njia ya kupandia, kila kimo cha sentimita 10 kinahitaji urefu wa mita 1.2.

Udongo unaserereka kwenye mteremko

Mteremko mkali kuliko moja kwa tatu usiupandie nyasi za kufyeka, maana siku moja mashine itamwangukia mtu. Panda mistari ya nyasi za vetiva kukingama mteremko, mistari ifuate usawa wa levo. Majani ya Guatemala na mabingobingo nayo yanashika udongo, na yana faida ambayo ni ya mazingira yetu: majirani wenye ng'ombe wa ndani watakuja kukata wenyewe. Nimepatana na mama mmoja akate kila baada ya wiki sita, akiacha vishina, na kwa miaka mitatu mteremko ule haujagharimu hata shilingi moja. Yasiwe tu karibu na njia ya miguu, kwa sababu yanarefuka kupita mtu.

Watu wanaogopa kupita, watoto wanaumia

Simama langoni saa moja na nusu usiku, uangalie njia kwa macho ya binti anayerudi kutoka kazini. Kama kuna mahali mtu anaweza kusimama asionekane, hapo ndipo tatizo lilipo, na taa peke yake haiponyi. Vichaka vya kando ya njia visizidi urefu wa goti hadi paja, sentimita 60 hadi 70. Matawi ya miti yaanzie mita mbili na zaidi. Katikati ya hapo pabaki wazi. Ndiyo maana napendelea kuchagua kichaka ambacho kwa asili hakirefuki. Kinachohitaji mkasi kila mwezi kitakatwa mwaka wa kwanza tu.

Mimea ya sumu hupandwa kwa nia njema kwa sababu inavumilia ukame na ina maua. Oleanda ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Kile kichaka cha maua ya njano mfano wa kengele, chenye tunda la kijani lenye kona, mbegu zake zinaua. Mbarika pia. Maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta yasiwe karibu na watoto. Utomvu wa manyara ukiingia jichoni ni wa kukimbiza mtu hospitali, ukisafisha jicho kwa maji mengi njiani. Nikikuta mojawapo ndani ya eneo la kuchezea siulizi bajeti, nang'oa siku hiyohiyo, nimevaa glavu, na siyachomi mabaki yake. Michongoma na bogenvilia zina nafasi yake, ukutani upande wa nje, mahali mwizi angepandia.

Chini ya bembea pawe na mchanga laini wa sentimita 30, siyo pevingi. Bwawa la mapambo sipendekezi kabisa kwenye makazi yenye watoto wadogo. Mtoto huzama kwenye maji yasiyofika hata goti. Marundo ya mawe na mabaki ya mbao yaliyoachwa na mafundi yaondolewe, nyoka huhamia humo mapema kuliko wapangaji.

Kila kitu kilikuwa kizuri siku ya kukabidhi, sasa kimekufa

Hapa uliza maswali mawili tu: bustani ilipandwa mwezi gani, na nani alishika mpira wa maji baada ya mkandarasi kuondoka. Majengo mengi hukabidhiwa mwezi Desemba au Juni, na bustani hupandwa wiki ya mwisho ili picha zipendeze. Miche ya Desemba hukutana na Januari kabla haijashika. Panda Machi, mvua zikianza, hata kama ufunguzi ulishapita. Acha matandazo matupu na uwaeleze wateja sababu.

Na katika mkataba wa bustani weka mstari wa matunzo ya miezi 12 baada ya kupanda, wenye bei yake, jina la mhusika na bomba lenye koki isiyozidi mita 25 kutoka kwenye kila mti. Mita 25 ni urefu wa mpira mmoja. Mti ulio nje ya hapo hubebewa maji kwa ndoo, na ndoo hubebwa wiki mbili za mwanzo.